TAHADHARI!! Huyu jamaa wa ikama za familia hapa town msimpe hata shilingi

Wenye waume na wake Saudia someni hii. Naandika mikono yanitetemeka kwa hasira.

Yule bwana wa ofisi ya ghorofani Digo Road hapa Mombasa, anayejidai kututolea ikama, yaani kadi ya kibali cha kuishi Saudia. Juzi kanitolea kadi tatu, yangu na za watoto, zatoka kwenye mashine ya lamineshoni mbele ya macho yangu zingali moto, picha ya kitindamimba wangu ni ile ile ya fulana ya shule, Kiarabu kimejaa mpaka chini. Akazipanga mezani moja moja, taratibu kama agawa karata, anambia "mama, na hizi Dammam wapita tu, foleni waachie wenzio." Nikatoa simu nikammalizia 45,000 zilizobaki, M-Pesa ilipoingia kwake akasema mashallah, akanisindikiza hadi kwenye ngazi na mkoba wangu kanibebea!

Na asije mtu hapa kuniuliza ulimwaminije. Alimpigia mtu wa Saudia laudispika wakaongea Kiarabu cha kutiririka, si cha kuokoteza. Ana muhuri, ana risiti, eisii yapuliza. Jina la hospitali anayofanya kazi baba watoto kule alilitaja yeye kabla mimi sijafungua mdomo (nani alimpa? huyo pia namtafuta). Na alonipeleka kwake ni mtu tunayekula naye sinia moja kwenye harusi, simtaji, mwenyewe ajijua.

Jioni namtumia mume wangu picha, kimya, kisha akapiga. Ikama za wageni namba zake huanza na 2. Hizi zetu zaanza na 1, yaani mie na wanangu tushakuwa Wasaudi hapa hapa Kisauni! Wallahi aibu niliyoisikia.

Huyu apelekwe jela ya Shimo la Tewa asipewe dhamana, na wale vijana wake wa kuita watu pale chini nao wachukuliwe, na kila mama alomlia pesa asimame mahakamani amtazame usoni. Kula pesa ya watoto wanaongoja kumuona baba yao! Mungu atamlipa lakini kwanza alipe hapa.

Ah na dalili, maana mwaniuliza inboksi. Ikama haitoki ukiwa Mombasa, yatolewa ukishaingia kule. Viza ya familia aiomba yule aliye kazini kule, na ile ada ya riyali 400 kwa mwezi kwa kila mtegemezi hulipwa huko huko, haiji kwa namba ya simu ya mtu. Halafu kila nikitaka aongee na mume wangu mara aenda kuswali, mara ana mgeni.

Leo ofisi ina kufuli. Nimeripoti Central na meseji zote za M-Pesa ninazo. Pasi za wanangu bado yuko nazo, atakayemuona popote anipigie, hata usiku wa manane, na mwengine aliyemlipa aje tuandikishe pamoja.