Star Trek: Voyager sebuleni kwetu Buruburu, na kesi ya Tuvix isiyoisha

Mwaka jana jirani aliyekuwa akihama Buruburu aliniuzia diski za Star Trek: Voyager, misimu yote 7, kwa shilingi 3,000. Nilidhani nitatazama peke yangu. Kumbe nilikuwa nimefungua mahakama: kila Jumamosi shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa mlangoni kabla chai haijachemka.

Kwa asiyeijua, ni hadithi ya meli ya angani iliyotupwa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya kurudi ya miaka 75. Mfululizo huu ulirushwa kwenye runinga kuanzia 1995 hadi 2001, kwa hiyo picha ni za zamani. Mantiki nayo huyumba. Msimu wa kwanza inasemwa wazi kwamba meli ina makombora 38 na hakuna pa kupata mengine. Mpwa wangu akawa anaweka alama nyuma ya kalenda kila likifyatuliwa. Alama zilipita 38, meli ikaendelea kufyatua tu. Hilo tulicheka, tukasonga.

Kilichotugombanisha ni kipindi cha 1996 kiitwacho "Tuvix". Tuvok, afisa wa usalama asiyecheka, na Neelix, mpishi asiyenyamaza, wanaingia kwenye transpota, mashine ya kuhamisha watu papo hapo, wakiwa na maua ya ajabu, anatoka mtu mmoja, Tuvix. Ana kumbukumbu za wote wawili, anachapa kazi, anapendwa. Njia ya kuwatenganisha inapopatikana, anasema hataki kufa.

Hapo stima ikapotea, mtaa mzima.

Tulibishana kwa mwanga wa mshumaa karibu saa nzima. "Shem, mgonjwa mwenye akili timamu akikataa upasuaji, amekataa," shemeji akasema. Mke wangu akamjia juu: Tuvok ameacha mke na watoto wanne, nani atawaambia baba yao hana haki ya kurudi? Mpwa akakumbusha kwamba kwenye mfululizo uliotangulia, The Next Generation, katika kipindi cha mwaka 1993, transpota ilimtoa afisa mmoja, Riker, akawa wawili. Mbona wasimnakili Tuvix kwanza, mmoja abaki, mwingine atenganishwe? Swali hilo halijapata jibu kwetu mpaka leo. Mama, aliyekuwa akinitegemea kumtafsiria, akauliza: "Kwani hiyo meli haina wazee wa kukaa nao chini?"

Stima ikarudi. Wazee hawakuwepo. Tuvix anawasihi wenzake, wote wanatazama pembeni. Daktari wa meli, ambaye ni hologramu, yaani mtu wa mwanga aliyetengenezwa na kompyuta, anakataa kumtoa mtu uhai bila ridhaa yake, na Kapteni Janeway anaifanya kazi hiyo kwa mkono wake.

Mimi ninamtetea kapteni, ingawa si kwa sauti kubwa. Ninachowalaumu waandishi ni kipindi kinachofuata: ni kama hakuna aliyekufa. Hata matanga ya siku moja?

Diski zangu hazina maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo ukiwa na mzazi nyumbani jiandae kutafsiri na kushutumiwa kwamba unafupisha. Mbili za msimu wa 6 zina mikwaruzo. Pesa yangu siijutii. Tumeanza kurudia yote tangu mwanzo, na Janeway akitokea na kikombe chake cha kahawa, shemeji husema, "Muuaji ameshaamka," naye mke wangu humwambia anyamaze tusikilize.