Kuhama kampuni ya intaneti ya nyumbani mjini Lubumbashi: ipi ianze, ipi ifuate

Familia nyingi za Lubumbashi zinapochoka na intaneti yao huanza kwa kulinganisha bei zilizoandikwa kwenye mabango, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Katika mji huu bei ya mwezi ni sehemu moja tu ya gharama. Sehemu nyingine inategemea umeme wa SNEL, waya unaopita au usiopita mbele ya lupango lako, na zile saa za jioni ambapo avenyu nzima imerudi nyumbani na kila mtu yuko mtandaoni. Ninapanga hapa njia nne za kuingiza intaneti nyumbani, kuanzia ile ambayo ningeishauri kwanza hadi ile ya mwisho, na kila moja ninaipima kwa swali lile lile: itakufaa vipi saa mbili usiku, umeme ukiwa umekatika?

Kabla ya kuhama, hakikisha kosa ni la kampuni

Wako watu wanaohama na kukuta tatizo limewafuata, kwa sababu lilikuwa ndani ya nyumba tangu mwanzo. Kuta zetu za matofali ya kuchoma hupunguza sana mawimbi ya Wi-Fi, hasa yale ya gigahezi 5, ambayo yana kasi kubwa lakini hayapenyi ukuta kama yale ya gigahezi 2.4. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, au simama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta, kisha upime kwa fast.com au Speedtest asubuhi, mchana na usiku, siku kadhaa mfululizo, ukiandika kasi ya kupakua, kasi ya kupandisha na muda wa kuitikia. Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta na mbaya chumbani, isogeze ruta au ongeza ya pili, na fedha za kuhama zibaki mfukoni. Ikiwa nzuri alfajiri na mbovu kila usiku, huenda kampuni imeuza kuliko uwezo wake, na hapo kuhama kuna maana.

Mwenye faiba, yaani waya wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, ana kipimo kingine mbele ya macho yake. Kwenye kisanduku cha faiba mara nyingi kuna taa mbili ndogo zilizoandikwa PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, kisanduku kinawasiliana na kampuni. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa kupita kiasi, au kichwa chake kimechomoka. Kila taa hiyo inapowaka, ipige picha na uandike saa, maana huo ni ushahidi mzuri siku ya kudai upunguziwe faktire au ya kuvunja mkataba.

Jua pia unahitaji kiasi gani. Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na megabiti 15 kwa ile ya 4K, na mkutano wa video unatosheka na megabiti chache za kwenda na chache za kurudi. Nyumba yenye wanafunzi wawili, mzazi anayefanya kazi mtandaoni na televisheni moja inaishi vizuri kwa megabiti 20 ambazo hazishuki usiku. Kumbuka tu kwamba bango linahesabu megabiti, wakati faili unazopakua zinahesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Laini ya megabiti 8 inaleta megabaiti moja kwa sekunde, na hapo kampuni haijakuibia kitu.

Ya kwanza: faiba, ikiwa inapita

Mahali faiba inapofika, ningeiweka mbele ya kila kitu, na sababu yangu kubwa ni umeme kuliko kasi. Katika mitandao mingi ya faiba ya nyumbani hakuna kifaa kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na ukuta wako. Mwanga unagawanywa njiani na vigawanyi visivyokula hata wati moja. Mtaa mzima unaweza kuwa gizani nawe ukaendelea na kazi yako, mradi kituo cha kampuni kina akiba yake, na wewe umeweka betri ndogo ya volti 12 kwa kisanduku na ruta, ambavyo kwa pamoja kwa kawaida havizidi wati 20. Hakuna njia nyingine katika orodha hii inayodai umeme kidogo namna hiyo kwa kasi kubwa namna hiyo.

Udhaifu wake uko kwenye safari ndefu ya nje. Lubumbashi iko mbali na bahari zote mbili. Mawasiliano yetu kwa sehemu kubwa yanatoka kupitia Kasumbalesa kuingia Zambia na kushuka kusini, njia ambayo kampuni ya Liquid imejenga faiba yake, au yanavuka nchi nzima kuelekea Muanda kwenye Atlantiki. Greda linalopanua barabara likikata waya huo, kampuni kadhaa zinaweza kuanguka saa ileile, kwa kuwa hukodishiana njia. Kwa hiyo usitosheke na swali la kasi. Muulize muuzaji: mnatoka nchini kwa njia ipi, na njia hiyo ikikatika mnapita wapi? Anayejua kazi yake atakujibu bila kuzunguka. LUBIX, kituo ambapo kampuni za mji wetu hubadilishana mawasiliano, husaidia yale yanayobaki hapa, lakini hakiwezi kukufikisha kwenye seva iliyoko Ulaya waya wa nje ukiwa umekatika.

Kuhusu kufika kwake, usiamini ramani ya dukani. Tembea kwenye avenyu yako ukitazama nguzo, tafuta kisanduku cheusi cha kugawia waya, uone kama kuna waya mwembamba unaoingia kwa jirani. Kisha piga hodi kwa jirani huyo, umwamkie, umwombe upime kasi kwake saa mbili usiku. Dakika hizo kumi zitakufundisha kuliko kipeperushi chochote. Waya unaweza kupita avenyu moja na kuiruka ile inayofuata, na kuna mitaa ya komini za Katuba, Kenya na Ruashi ambako bado hutauona hata ukitafuta siku nzima. Wenyeji wa huko waanze moja kwa moja na njia ya pili.

Ya pili: Starlink, kwa mwenye sola

Mwezi wa Machi 2024 mamlaka ya udhibiti, ARPTC, ilikataza matumizi ya Starlink, intaneti inayotoka kwenye setilaiti, nchini, na mwezi wa Mei 2025 ikatangaza kuwa kampuni hiyo imepata leseni. Katikati ya tarehe hizo vifaa vingi vilivuka mpaka kutoka Zambia, ambako huduma ilifunguliwa Oktoba 2023, na baadhi bado vinauzwa mkononi. Sikushauri kuvinunua. Kifaa kilichosajiliwa katika nchi nyingine kwa huduma ya kusafiria kinatakiwa kubadilishiwa nchi kikikaa nje zaidi ya miezi miwili, vinginevyo kinaweza kuzimwa, na muuzaji aliyebaki na akaunti ana uwezo wa kukufungia akiwa kwake. Fungua akaunti kwa jina lako na kwa anwani ya Kongo.

Setilaiti zake zinazunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 550, na ndiyo maana mazungumzo ya video hayachelewi kama kwenye sahani za VSAT za zamani, ambazo setilaiti zake ziko karibu kilomita 36,000 juu na kila jibu linachukua zaidi ya nusu sekunde. Faiba ya Kasumbalesa ikikatika, Starlink haiyumbi kama jirani zako wanavyoyumba, na kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mtandaoni hilo peke yake linaweza kutosha.

Lakini fanya hesabu ya umeme kabla ya kulipa. Kifaa cha kawaida kinakula wati 75 hadi 100 kikiwa kazini. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea 100 ina takribani wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Ukiondoa kinachopotea kwenye inverta, unapata saa tano hadi saba hivi. Starlink Mini, inayokula wati 25 hadi 40, itakupitisha usiku mzima kwa betri hiyohiyo. Asiye na sola wala betri atakuwa amelipia anga na kubaki gizani pamoja na wengine.

Tazama na miti yako. Mwembe au mparachichi mkubwa ukiziba sehemu ya anga, mawasiliano yatakuwa yakikatika kwa sekunde chache mara kwa mara, jambo linaloudhi sana kwenye mkutano; programu ya Starlink kwenye simu hupima anga kabla hujanunua. Kati ya Novemba na Machi, mvua nzito itakuzimia huduma kwa muda mfupi, na kwa radi za Katanga ni lazima antena iwe na waya mzuri wa kuingia ardhini. Tena kila eneo lina kikomo cha wateja: mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu uwezo ulijaa.

Ya tatu: antena ya redio juu ya paa

Kampuni inafunga antena ndogo kwenye paa lako ikitazama mnara wake. Njia hii inawafaa wapangaji, kwa sababu mara nyingi vifaa ni mali ya kampuni na unavirudisha unapohama. Ubora wake unategemea mambo mawili, mnara uonekane bila kizuizi na kampuni isijaze watu kwenye antena moja. Jambo la pili huwezi kuliona kwa macho, kwa hiyo omba majaribio ya wiki moja, na ukinyimwa, lipa mwezi mmoja tu.

Ya nne: modemu ya 4G

Vodacom, Airtel, Orange na Africell zote zinauza vifurushi, na modemu ya 4G ndiyo rahisi zaidi kuanza nayo: hakuna fundi, hakuna mkataba mrefu, unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money au Afrimoney. Ninaiweka mwisho kwa sababu ya kiasi na ya jioni. Saa moja ya filamu ya picha safi inaweza kula hadi gigabaiti 3. Familia inayotazama saa mbili kila siku inamaliza gigabaiti 180 kwa mwezi kabla mtoto hajafungua somo lake. Mnara huo huo unahudumia kila simu ya mtaa, na umeme ukikosekana muda mrefu betri zake nazo zinaisha. Jua pia kwamba kampuni nyingi zinakodi nafasi kwenye minara ya Helios Towers, hivyo laini mbili za kampuni mbili zinaweza kuwa zinaning'inia kwenye mnara mmoja. Kama akiba, modemu hii ni nzuri sana. Kama njia pekee ya nyumba yenye watu sita, hapana.

Bei ya kweli

Tuseme unalipa dola 50 kwa mwezi, na kampuni mpya inakuahidi dola 35, pamoja na dola 180 za kufunga. Kwa macho unaokoa dola 15, na gharama ya kufunga inarudi baada ya miezi 12. Sasa uliza kama bei hiyo ina TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Ikiwa haina, ongeza asilimia 16: dola 35 zinakuwa 40.60, unaokoa dola 9.40 tu, na dola 180 zako zinarudi baada ya miezi zaidi ya 19. Mpangaji mwenye mkataba wa nyumba wa mwaka mmoja ameshapoteza kabla ya kuanza. Uliza pia taux, yaani kiwango cha kubadilisha fedha, ya siku ya kulipa, kwa kuwa bei inatajwa kwa dola na wengi tunalipa kwa franka, na kampuni inaweza kuwa na taux yake isiyofanana na ya sokoni.

Kwenye mkataba, ambao utakuwa kwa Kifaransa, tafuta maneno mawili. Jusqu'à (hadi) mbele ya kasi ina maana kampuni haijaahidi kiwango cha chini, omba kiandikwe. Illimité (bila kikomo) inahitaji swali moja: baada ya gigabaiti ngapi kasi inashushwa, na inashushwa hadi wapi? Soma pia muda wa préavis, kwa sababu anayeondoka bila kutoa taarifa anaweza kudaiwa mwezi mzima asioutumia.

Siku ya kuhama

Usikate ya zamani kabla mpya haijapita angalau wiki mbili, jioni zake zote zikiwemo. Gharama ya kulipa mbili kwa muda huo ni ndogo kuliko kukaa bila mtandao huku fundi akisema anakuja kesho. Laini ya simu yenye fedha zako iache ilivyo. Intaneti ya nyumbani inaweza kubadilika bila kugusa namba hiyo. Barua ya kuvunja mkataba ipeleke mwenyewe, nakala yako ipigwe muhuri wa accusé de réception (uthibitisho wa kupokelewa) wenye tarehe. Modemu na antena za kampuni zirudishe pamoja na chaja zake na udai risiti inayotaja namba ya kila kifaa, kwa maana kifaa kisicho na risiti kinaweza kurudi kwako kama deni miezi mingi baadaye. Wakikataa kupokea barua au wakiendelea kukutoza, malalamiko yako yaandikie ARPTC, ukiambatanisha nakala yenye muhuri na zile picha za taa nyekundu.