Miezi 11 na kalamu ya brashi ya kujaza wino, hapa Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu. Leo nimetoa meza nje, chini ya mwarobaini, kwa hiyo mkisikia upepo kwenye sauti mnivumilie. Ni Agosti, na anayeijua Dodoma ya Agosti anajua upepo wake na vumbi lake. Sikuja nje kwa bahati mbaya. Nataka muione kalamu hii ikifanya kazi kwenye hewa ileile mtakayoitumia ninyi.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona ncha? Hii siyo maka peni. Maka peni yenye ncha ya brashi ina sponji ngumu, ukiitumia wiki tatu inachakaa na kuwa butu. Hizi hapa ni nywele kabisa, za nailoni, moja moja, zimefungwa pamoja zikachongoka. Nikizigusisha kidoleni zinapinda, nikiachia zinarudi. Nyuma yake kuna katriji, kichupa kidogo cha plastiki chenye wino, kama kwenye kalamu za wino za zamani. Yangu ni Pentel, ile ya mfukoni, ya Kijapani. Nililetewa kutoka Dar es Salaam kwa basi, na pamoja na nauli ya kifurushi ilinitoka elfu hamsini na ushee. Najua hiyo ni hela. Ndiyo maana sikutaka kuizungumzia baada ya wiki moja. Nimekaa nayo miezi 11 kwanza.

Wajapani wameandika kwa brashi karne na karne, wakisugua kipande cha wino kwenye jiwe lenye maji. Kampuni ya Kuretake ya mji wa Nara, watengeneza wino tangu 1902, ilitoa kalamu yake ya brashi mwaka 1973, mtu aandike kwa brashi bila kubeba jiwe wala kikombe. Mwaka huohuo TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mambo hayo mawili hayahusiani, ila mimi nimezaliwa hapa na kazi yangu ni wino, nikaona nisiliache lipite.

Haya, tuchore. Huu ni mbuyu ulioko njia ya Hombolo, picha yake ninayo hapa pembeni. Kalamu naishika nyuma kidogo, siyo kama ninavyoshika biki. Nagusisha ncha tu: uzi. Nakandamiza taratibu huku nikishuka: unanenepa, unanenepa, mpaka upana wa punje ya mahindi. Naachia: uzi tena. Ubavu mmoja wa shina umekwisha, na sijainua mkono. Kwa biki ningepita pale mara sita, na bado ungeonekana kama bomba la maji.

Sasa angalieni gome. Nafuta ncha kwenye tishu ibaki na wino kidogo, nalaza brashi kiubavu, napitisha haraka. Mmesikia ule mkwaruzo? Karatasi hii ina vinundu. Wino umeshika juu ya vinundu tu, chini panabaki peupe. Hilo ndilo gome la mbuyu, ndiyo mawe ya kilima cha Mlimwa, ndiyo ukuta wa tembe uliopigwa na jua. Mbinu hii peke yake ingetosha kunifanya niinunue.

Ila lazima niwaambie, mkono utakaa muda kabla haujatii. Kurasa zangu za mwezi wa kwanza zote zina mistari inayotetemeka. Kalamu hii haisubiri ufikirie ikiwa juu ya karatasi. Ukisita, wino unatuama pale uliposita na doa linabaki. Unaangalia kitu kwanza, unaamua, halafu unashuka. Anayeanza achore kwanza kwa penseli, taratibu, wino ukikauka afute.

Sasa tufike penye uhai wa kalamu yenyewe, ambapo ndipo wengi wanaipotezea. Wino.

Nawaeleza hivi. Kuna wino wa chai na kuna wino wa uji. Wino wa chai ni ule wa kalamu za kawaida za wino: rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Unapita popote, hauzibi kitu, ila siku maji yakigusa mchoro, rangi inaondoka nayo. Wino wa uji una chembe ndogo sana za rangi, mara nyingi masizi, zinaelea majini bila kuyeyuka. Ukikauka kwenye karatasi umeshika, maji hayauondoi. Lakini fikiria uji uliokaukia kwenye kijiko. Ukikaukia ndani ya kalamu ni hivyohivyo.

Halafu kuna wa tatu, na huu ndio ulioniulia kalamu ya kwanza. Ni ule wino mweusi wa kuchorea wa kwenye chupa, unaoitwa wino wa India. Ni mzuri mno kwa brashi ya kuchovya. Lakini mara nyingi una shelaki ndani yake, kitu kilekile ambacho mafundi samani hupaka mbao zing'ae. Kwenye duka moja la vifaa vya ofisi hapa mjini niliambiwa wino ni wino, nikaujaza. Siku tatu nilichora kwa raha. Siku ya nne nikafungua kifuniko nikakuta nywele zimeshikana kama kijiti. Nikaloweka siku mbili. Nywele zililegea nusu, lakini ile njia ndogo inayopitisha wino kutoka kwenye katriji haikufunguka tena. Iliniuma, jamani. Kwa hiyo kabla hujanunua chupa soma lebo: unatafuta wino wa chembe uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu za wino. Platinum Carbon Black ni mmoja wa aina hiyo, na ndio ulio ndani ya hii leo. Usipoona popote pameandikwa kwamba unafaa kwenye kalamu, usiutie.

Kujaza ni hivi. Katriji ikiisha usiitupe. Nachukua bomba la sindano la duka la dawa, lenye sindano ndefu. Ncha ya sindano naisugua kwenye jiwe iwe butu, isije ikanichoma. Navuta wino, naingiza sindano mpaka chini kabisa ya katriji, nasukuma polepole huku nikiivuta juu, hewa ipate pa kutokea. Ukianzia juu utapata povu. Msijaze mpaka mdomoni. Narudisha, nageuza ncha chini, nasubiri dakika chache. Mwaona weusi unavyoshuka kwenye nywele? Tayari.

Kila nikijaza mara mbili, ya tatu naisafisha kwanza. Na hapa Dodoma nina neno moja: maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvi. Angalieni birika lenu la chai ndani, ule utando mweupe. Sitaki utando ule kwenye kalamu. Nasuuza kwa maji ya bomba mpaka yatoke meupe, kisha mara ya mwisho kwa maji ya chupa ya kunywa. Maji ya moto hapana, nywele za nailoni zinajikunja na hazinyooki tena.

Hewa yetu kavu inakupa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Kwenye karatasi wino unakauka haraka, mkono haupaki. Lakini hapohapo, tangu nianze kueleza habari ya kujaza, kalamu hii haina kifuniko, na ncha yake, ona, imeanza kukwaruza. Pwani ningekuwa bado naendelea. Hapa, ukiacha kuchora ili uongee, funika. Na ukikaa chini ya upepo kama huu, vumbi linanata kwenye nywele mbichi, unachora mchanga. Nina kitambaa chenye unyevu pembeni muda wote.

Jambo jingine lilinipata nikitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, katriji ikiwa nusu. Nimefika, nafungua, kifuniko kimejaa wino. Dar iko usawa wa bahari, sisi tuko juu zaidi ya mita 1,100. Unavyopanda, hewa ya nje inapungua msukumo, ile iliyofungiwa ndani ya katriji inatanuka na kuusukuma wino nje. Tangu hapo nikisafiri, katriji iwe imejaa au iwe tupu, na kalamu isimame ncha juu.

Karatasi sitaichelewesha: ile ya fotokopi ya gramu 80 ni ya mazoezi tu, wino unasambaa kama mizizi na kutokea upande wa pili. Manila nyeupe ya duka la vifaa vya ofisi, ukiikata mwenyewe, inafanya kazi nzuri sana kwa bei ndogo.

Kuhusu wino usiofutika, niwape la soko la Majengo. Nilikaa kumchora mama mmoja muuza zabibu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Unanichora mimi mzee, hukuona wasichana?" Akaendelea kunyunyizia zabibu zake maji, na matone yakaangukia karatasi yangu, pale penye kitenge chake. Akashtuka: "Yesu wangu, nimekuharibia!" Nikachukua kanga niliyojifunikia, nikagandamiza juu ya matone. Kitenge kilikuwa palepale, maua yake yote. Akataka ajaribu mwenyewe, akatia kidole majini akasugua. Hakikutoka kitu. Huu hapa mchoro wenyewe, na alama ya kidole chake iko pembeni. Kwa wino wa chai ningekuwa nimepoteza ile saa nzima.

Kwa kuwa haufutiki, unaweza kupaka kivuli juu yake. Hii ya pili ni brashi ya maji, ile yenye tumbo laini la kubinya. Ndani nimeweka matone machache ya wino huohuo na maji mengi. Napitisha upande wa kushoto wa mbuyu, jua liko kulia. Mistari haijatikisika, na shina limekuwa mviringo. Msibinye sana, inadondosha.

Mwezi wa sita nilikwenda nazo zote mbili Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu warefu, wembamba, wamechorwa kwa udongo mwekundu, na ndani ya miili yao kuna mistari midogo sambamba, mingine myembamba kuliko uzi huu niliowaonyesha. Nilijaribu kuiga mtu mmoja tu kwenye daftari, pamoja na nywele zake. Karatasi ya saba ndiyo angalau iliyofanana. Aliyemchora alikuwa amesimama mbele ya mwamba, mkono juu, bila penseli ya kufuta. Mkienda, msimwagie maji yule mtu ili rangi ikolee kwenye picha zenu, tafadhali sana. Wino wake hauna chupa nyingine.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, na niliinunua, hii ni ya pili. Kwa mwanafunzi ambaye hela hiyo ni ya wiki mbili za kula, nunua brashi ndogo ya kuchovya na chupa ya wino wa India, ambao kwenye brashi ya kuchovya ndiko nyumbani kwake, ujifunze mkono. Kwa anayechora nje, sokoni, kituoni, kwenye daladala iliyosimama, hii.

Na kama unayo tayari imeziba, usiitupe leo. Toa katriji, isimamishe ncha chini kwenye glasi yenye maji ya kunywa, kina cha nywele tu, iache usiku kucha. Asubuhi igandamize kwenye tishu. Ukiona hata alama ya kijivu, badilisha maji, irudishe tena.