Uzoefu wangu na Quest 2 hapa Arusha: kwa nini miwani ya VR inashuka bei ikiwa bado nzima

Nianze na bei, maana ndiyo iliyowaumiza wengi waliowahi kununua vifaa hivi mapema. Quest 2, miwani ya VR ya kampuni ya Meta (unaivaa usoni ukajiona uko ndani ya picha), ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299. Agosti 2022 ikapandishwa hadi 399.99, Juni 2023 ikarudi 299.99, na mwaka 2024 ikateremka hadi 199. Aliyenunua bei ilipokuwa juu alilipa mara mbili ya aliyesubiri, na kifaa ni kilekile: kioo kilekile, chipu ileile, pedi zilezile za kushika mkononi. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, tofauti hiyo ni laki tano, bado hujagusa nauli wala kodi.

Kama kifaa cha kutumia, naisifia. Haihitaji kompyuta wala waya, kila jicho linapata picha ya nukta 1832 kwa 1920, na kwa gemu za kulipia au kumwonyesha mgeni video ya nyuzi 360 ofisini inatosha kabisa. Uzito wake ni gramu 503, ila mkanda wa kitambaa unaokuja nayo unauacha wote mbele, ukandamize mashavu. Nunua mkanda mgumu wenye gurudumu la kukazia nyuma. Chaji inakaa saa 2 hadi 3.

Kama mali ya kuja kuuza baadaye, hapo ndipo hasira inapoanza. Pikipiki iliyotumika unaipima kwa injini, cheni na tairi. Miwani ya VR unaipima kwa kalenda ya kampuni. HTC Vive iliingia sokoni Aprili 2016 kwa dola 799, na Agosti 2017 ikawa 599. Quest Pro ndiyo iliyouma zaidi: Oktoba 2022 iliuzwa dola 1,499.99, Machi 2023 ikawa 999.99. Hiyo ni milioni moja na robo ya Kitanzania iliyoyeyuka ndani ya miezi mitano, bila mkwaruzo hata mmoja. Quest 3 yenye GB 512 ilianza na 649.99 Oktoba 2023, na kabla mwaka haujatimia ikashushwa hadi 499.99.

Halafu kuna programu, na hili watu wa kwetu hawalitazami kabisa wakati wa kununua. HP Reverb G2 ilitoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 599, lenzi nzuri, picha kali. Ilitegemea Windows Mixed Reality, programu ya Microsoft ya kuendesha miwani ya VR kwenye kompyuta. Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kuiacha programu hiyo, na Windows 11 toleo la 24H2 likaiondoa kabisa. Kompyuta ikishasasishwa, miwani inabaki haina pa kuchomekwa ikaeleweka, mpaka utafute njia za pembeni. Ukikuta Reverb, au Lenovo, Acer, Dell na Samsung za kizazi kile zinauzwa bei ya kutupa, jua bei hiyo imetoka wapi. Quest ya kwanza ya mwaka 2019 nayo ilifungiwa mlango: mapema 2023 ilitangazwa kwamba haitapata vipengele vipya, na masasisho ya usalama yakaishia Agosti 2024. Hata Quest 2 imeanza kuachwa njiani. Gemu kubwa ya Batman: Arkham Shadow ilipotoka Oktoba 2024 ilikuja kwa Quest 3 na 3S tu.

Hayo ni ya kampuni. Yanayoiua kwa mikono yetu ni mengine, na la kwanza ni jua. Lenzi za miwani hii hufanya kazi hata kinyumenyume: mwanga wa jua ukiingia kutoka upande wa macho, zinaukusanya na kuulenga kwenye kioo cha picha kilicho nyuma yake. Muda mfupi tu unatosha kukiunguza. Alama yake haifichiki ukiijua: doa au mstari uliopinda, wa njano au mweusi, unaobaki palepale kila unapogeuza kichwa. Hakuna fundi atakayeifuta, kioo kinabadilishwa kizima, na gharama hiyo haina maana kwa miwani ya bei hii. Usiiache juu ya dashibodi ya Land Cruiser, wala barazani, wala kwenye meza ya dirishani. Arusha mwezi wa Julai wingu linaweza kufunika asubuhi nzima, ukajisahau, kisha saa saba jua likapiga dirisha moja kwa moja. Ukiivua, ilaze lenzi zikitazama chini juu ya kitambaa laini, au uifunike hapohapo. Kwenye gari la safari iwekewe boksi lenye kifuniko, na dereva aambiwe sababu, maana asiyejua ataiona kama miwani ya kawaida tu.

Umeme ukikatika, watu hudhani kwa kuwa ina betri itaendelea. Inawaka kweli, lakini inajua ilipo kwa kamera 4 zinazotazama chumba, na chumba kikiwa giza inapoteza mwelekeo. Taa ya dharura yenye mwanga wa kutosha inaokoa gemu iliyolipiwa. Taa za kawaida nazo zina kasumba yake: umeme wetu ni wa hezi 50, na miwani iliyotumika Marekani inaweza kuwa imewekewa hezi 60. Picha na pedi zikiwa zinatetemeka usiku lakini mchana ziko sawa, ingia kwenye mipangilio ya ufuatiliaji, weka hezi 50 au uache ichague yenyewe. Nimeona watu wakishusha bei ya miwani nzima kwa tatizo hili la kubonyeza mara mbili.

Usisafishe lenzi kwa spiriti. Inakula utando wa juu na picha inabaki na ukungu. Kitambaa kikavu cha kufutia miwani, kwa mzunguko kuanzia katikati kwenda nje, basi. Sponji ya uso inanyonya jasho, na mwaka 2021 sponji za Quest 2 ziliitwa zirudishwe kwa sababu ziliwawasha baadhi ya watu ngozi. Wenye miwani wakapewa kava la silikoni bure. Kwa biashara ya wateja wengi kava hilo ni lazima, linafutwa kila mteja anapotoka. Pedi kila moja inatumia betri moja ya AA. Zitoe kama hutumii kwa wiki kadhaa, zikivuja zinaharibu vyuma vinavyoshika betri.

Ukitaka kununua iliyotumika, Arusha, Moshi au kwa mtu wa Kariakoo, usikague ikiwa imezimwa. Iwashwe, uivae. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kivinjari uangalie kona zote za kila jicho, ukifumba moja moja. Sogeza lenzi kwenye nafasi zake tatu za umbali kati ya macho, milimita 58, 63 na 68, uone kama zinashika. Weka pedi mezani bila kuzigusa huku menyu ndefu ikiwa wazi: ikijisogeza yenyewe, analogi (kile kijiti cha kidole gumba) imelika, na mwenye mali apunguze bei ya pedi. Ichomeke chaji kwa dakika 15 na uone asilimia ikipanda. Miwani iliyokaa kabatini mwaka mzima betri ikiwa sifuri inaweza kuwaka kwa waya na kuzima ukiuchomoa.

Kisha akaunti. Muuzaji aiondoe miwani kwenye programu ya simu yake, Meta Horizon, mbele ya macho yako, halafu aifute yote: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka menyu itokee, chagua kufuta kwa vitufe vya sauti, thibitisha kwa cha kuwashia. Isajili kwa simu yako hapohapo kabla hujatoa pesa. Itataka Wi-Fi na itashusha masasisho makubwa, kwa hiyo usiende na bando la kuunga. Na usilipie gemu zilizomo. Gemu ni za akaunti, hazihamii kwako. Beat Saber ya dola 29.99 aliyoinunua anaondoka nayo. Hii ni hasara ya muuzaji pia, na wengi hawaihesabu: aliyejaza gemu za laki tatu akiuza anapata bei ya miwani tupu.

Kuhusu kiasi cha kulipa, mimi napima kwa Quest 3S. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99, ina picha na aina ya lenzi zilezile za Quest 2 lakini chipu ya Quest 3. Chukua bei hiyo ya mwanzo, dola 300, ongeza nauli tuseme 40, ni shilingi 850,000. VAT ya asilimia 18 ni 153,000. Umefika 1,003,000, na ushuru wa forodha na wakala bado. Anayekuuzia Quest 2 kwa laki saba anakuomba sehemu kubwa ya bei ya mpya kwa kifaa kinachoachwa na gemu mpya. Kwangu laki tatu na nusu ndiyo mwisho, ikiwa na boksi, chaja, pedi zote mbili na kioo safi. Yenye doa la jua siichukui hata kwa laki.

Mwenye nayo na anafikiria kuuza aangalie mwezi. Quest 2, Quest Pro, Quest 3 na 3S zote zilitoka Oktoba, na matangazo yake mengi yalikuja Septemba au Oktoba yenyewe. Kuanzia Juni ofisi za utalii za Arusha na Moshi zina wageni wengi na zinatafuta vitu vya kuwavutia mezani. Uza hapo, Juni au Julai. Ukisubiri Novemba, mnunuzi atakuja na bei ya toleo jipya kwenye simu yake, na hutakuwa na cha kumjibu.