Kamera ya kurekodi mawimbi kwa mwendo wa polepole: ipi ununue kama fedha ni kidogo

Kabla ya kuulizia bei, amua utarekodi ukiwa wapi: majini au mchangani. Kamera ndogo za michezo zina lenzi pana. Ukiwa majini karibu na ubao wa kuteleza juu ya mawimbi zinapendeza sana, lakini ukisimama ufukweni, mchezaji aliye mita 80 kutoka ulipo ataonekana kama nzi ukutani.

Kisha angalia fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kamera hupiga kila sekunde. Ukirekodi fremu 120 na kuzionyesha kwa 24, mwendo unapungua mara 5, yaani mgeuko wa sekunde 2 juu ya wimbi unachukua sekunde 10. Kwa fremu 240 unachukua sekunde 20. Mimi humrekodi mchezaji kwa 120, na 240 naiwekea matone na mdomo wa wimbi (ukingo wake wa juu) unapoanguka. Zaidi ya hapo sioni haja ya kulipia.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ndogo ya michezo iliyokwisha tumika. GoPro Hero7 Black ya mwaka 2018 hurekodi 1080p (ubora wa HD kamili) kwa fremu 240 na huzama hadi mita 10 bila kasha. DJI Osmo Action ya kwanza, ya mwaka 2019, nayo hufikia fremu hizo hizo na huzama hadi mita 11. Matoleo mapya yamezipita, ndiyo maana wenyewe wanaziuza. Fungua mlango wa betri, utazame raba yake na kutu ya chumvi kwenye tundu la chaji. Mwambie muuzaji arekodi kipande cha fremu 240 mbele yako. Kioo cha lenzi ya Hero7 kikichubuka unaweza kukibadilisha. Cha Hero8 Black hakitoki, kwa hiyo yenye mchubuko iache. Na usiingie majini bila kielea na kamba ya mkononi, maana kamera hizi huzama kama jiwe.

Ya pili ni simu uliyo nayo. iPhone kuanzia 8 zina 1080p kwa fremu 240. Itegemeze kwenye stendi, kwenye gati au mwamba ulio karibu na wimbi, nawe utapata kazi nzuri bila kununua kingine. Usiizamishe baharini hata kama imeandikwa kwamba haipitishi maji: majaribio hayo hufanywa kwenye maji baridi yaliyotulia, na bahari inapiga, tena ina chumvi. Jihadhari pia na simu zinazotangaza fremu 960. Baadhi hubuni fremu za katikati kwa programu, na povu la wimbi linageuka uji.

Ya tatu ni kamera yenye lenzi ndefu isiyobadilishwa, kama Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014, inayovuta vitu vya mbali hadi sawa na lenzi ya milimita 400 na kurekodi 1080p kwa fremu 120. Nimeiweka hapa kwa sababu ni nzito, inataka tripodi imara na haipendi manyunyu. Lakini kama huingii majini kabisa, ipandishe iwe ya kwanza.

Za mwisho ni zile mpya za bei ya chini zisizo na jina, zenye neno 4K (ubora wa picha unaozidi 1080p) kubwa kwenye boksi. Mara nyingi hiyo 4K ni picha ndogo iliyokuzwa. Usinunue.

Kadi ya kumbukumbu yenye alama ya kasi V30 inatosha. Inahakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde, sawa na megabiti 240, na Hero7 haifiki hata 80.

Ukiwa majini, weka kasi ya shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) angalau mara mbili ya fremu: 1/480 ya sekunde kwa fremu 240. Alfajiri mwanga haukubali, shuka hadi fremu 120. Lamba kioo cha lenzi kisha kichovye majini kabla ya kila wimbi ili maji yatandae badala ya kuganda matone, na ukitoka isuuze kamera kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka.