Plagi ya pikipiki: kabla hujatoa hela, angalia urefu wa nyuzi

Madereva wa boda wananitumia malalamiko yale yale kila siku: nimebadilisha plagi juzi tu, pikipiki imekuwa nzito, kilima haipandi, mafuta yanaisha haraka, na fundi anasema taimingi (muda wa cheche kuruka) imekufa anataka afungue injini. Jamani msifungue kitu, chomoeni kwanza hiyo plagi mpya muilaze pembeni ya ile ya zamani.

Watu wanaangalia unene tu, ikiingia basi. Urefu wa nyuzi, ile sehemu yenye mistari ya kuzungushia inayoingia kwenye hedi (kichwa cha injini), hakuna anayeuangalia na balaa lote liko hapo. Injini za aina ya CG125, ambazo pikipiki kibao za Kichina zinazitumia, zinataka plagi ya namba D8EA ya NGK, nyuzi urefu wa milimita 19. Muuzaji anakupa D8HA, unene ni ule ule wa milimita 12 ila urefu ni 12.7. Inafunga vizuri kabisa, lakini cheche inatokea ndani ya tundu badala ya kwenye chumba cha mwako, kwa hiyo hata taimingi ikiwa sahihi moto unachelewa kusambaa, presha inapanda pistoni imeshashuka sana na nguvu inapotelea hapo. Halafu nyuzi za hedi zilizobaki wazi zinajaa masizi, siku ukirudisha plagi ndefu inakwama au inakula nyuzi. Ndefu kupita kiasi nayo hatari, pistoni inaweza kuigonga.

Ukiniuliza ununue ipi, kwangu chapa ya kwanza ni NGK, wala sifichi. Herufi zake zinasomeka: E ni 19, H ni 12.7.

Ya pili Denso, X24ES-U ndo ya saizi hiyo. Namba za kiwango cha joto zisikuchanganye, 24 ya Denso ndo 8 ya NGK.

Ya tatu plagi yenye ncha ya iridiamu (madini magumu), DR8EIX ya NGK. Ncha yake ya katikati ni milimita 0.6 tu, cheche inaruka kirahisi na inadumu, ila bei imechangamka kwa mtu wa hesabu ya bosi kila jioni.

Za bei chee zisizo na jina ni za kukufikisha nyumbani tu.

Kinachoniuma ni wauza spea. Unaomba D8EA unaambiwa "hii ni hiyo hiyo," boksi limeandikwa hivi, plagi ya ndani vingine, na feki inauzwa bei ya orijino. Ukirudi unajibiwa ulishaifunga hairudishwi. Kwa hiyo nenda na plagi yako ya zamani mfukoni, fungua boksi pale pale kaunta, pima zote mbili kabla hujalipa, na akinuna hamia duka la jirani.