Kifurushi cha mwendo wa mhusika: mruko mmoja, vimo vitatu

Nilikinunua kifurushi hiki cha Unity (programu ya kutengenezea magemu) kwa gemu la kurukaruka kwenye majukwaa, na siku za mwanzo nilikuwa tayari kukisifia. Sasa nina hasira nacho, na hasira yote inatokana na sentimita tano.

Muuzaji anakupa visanduku viwili vya kujaza: kimo cha mruko, na muda wa kufika kileleni. Nikajaza mita 3 na sekunde 0.4. Hapo hesabu yake ni safi kabisa. Graviti ni mara mbili ya kimo, gawanya kwa muda kipeo cha pili: 37.5. Kasi ya kuondokea ni mara mbili ya kimo, gawanya kwa muda: 15. Ndivyo inavyotakiwa, maana anayebuni gemu anawaza kimo na muda, hawazi graviti. Ningeishia hapo ningempa nyota tano.

Jukwaa nikaliweka mita 2.8, nikimwachia mchezaji sentimita 20 za huruma. Kwenye kompyuta iliyofungwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, mhusika anapanda. Kwenye simu anagusa ukingo, anadondoka. Kila mara.

Huduma kwa wateja wakanijibu kwa mistari miwili: simu yangu ni dhaifu, nijaribu nyingine. Hata "samahani kwa usumbufu" hakuna. Jamani, tangu lini simu dhaifu ikaongeza graviti? Na haikuwa dhaifu hata kidogo. Unity, usipoiambia kitu, huendesha gemu la simu kwa fremu 30.

Ubovu uko kwenye mistari miwili ya Update, sehemu ya skripti (msimbo wa kifurushi) inayoendeshwa kila fremu. Kila fremu, skripti inapunguza kasi kwanza, kisha inasogeza mhusika kwa kasi hiyo iliyokwisha kupungua. Kwa hiyo kila fremu inaiba kidogo, na fremu ikiwa ndefu inaiba zaidi. Kinachopotea kileleni ni kasi ya kuondokea mara nusu ya muda wa fremu moja. Kwa fremu 120 mruko unafika mita 2.9375, kwa 60, mita 2.875, kwa 30, mita 2.75. Jukwaa langu la 2.8 limekaa katikati ya hizo mbili za mwisho: simu inapungukiwa sentimita tano. Mwenye simu ya bei nafuu hatavuka ngazi ya pili ya gemu, na atadhani hajui kucheza.

Dawa ni ndogo mpaka inaudhi. Sogeza mhusika kwanza: kasi mara muda wa fremu, ongeza nusu ya mchapuko mara muda wa fremu kipeo cha pili (mchapuko hapa ni ile graviti, nayo ni hasi, usisahau alama). Baada ya hapo ndipo ubadilishe kasi. Graviti isipobadilika hewani, kimo kinatoka mita 3 kwa 30, kwa 60 na kwa 120. Au hamishia mwendo kwenye FixedUpdate, ambayo kwa kawaida hupiga kila sekunde 0.02, fremu ziwe ngapi. Kosa litabaki, mruko utafika mita 2.85, lakini litakuwa lilelile kwenye kila simu na unaweza kulipangia. Ukifanya hivyo, kubonyeza kitufe endelea kukusoma ndani ya Update, la sivyo mibonyezo mingine itapotea.

Kamera nayo ina ugonjwa wa ukoo huohuo: kila fremu inasogea asilimia 10 ya umbali uliobaki. Baada ya nusu sekunde, kwa fremu 60 imebakiza asilimia 4. Kwa 30 imebakiza asilimia 20 na ushee. Badala ya ile 0.1 weka 1 - exp(-6.32 * dt), dt ikiwa ni muda wa fremu, mwendo utafanana kote. Usikimbilie kuzidisha 5 * dt kama wengi wanavyofanya. Ni makadirio tu, na simu ikikwama kwa sekunde 0.2 kamera inaruka moja kwa moja mpaka mwisho.

Nisimwonee lakini. Miteremko na ngazi amezishughulikia vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Mhusika hatetemeki wala hatelezi akisimama kwenye mwinuko. Kwa kazi hiyo peke yake hela yangu haikupotea, na nilikuwa nimeshapandisha nyota hadi tatu.

Halafu likaja toleo jipya, "mruko umerekebishwa". Nikafungua. Mistari ile miwili iko vilevile! Walichofanya ni kuongeza Application.targetFrameRate = 60 ndani ya Awake ya skripti ya mhusika, sehemu inayoendeshwa mara moja tu mwanzoni. Yaani kifurushi cha kutembeza mtu kinaamua fremu za gemu zima kimyakimya, betri inaliwa, na simu inayoshindwa 60 ikabaki kwenye 30 inarudi kudondoka palepale. Naondoa nyota moja. Zinabaki mbili, kwa ajili ya miteremko. Ukikinunua, anza kwa kuufuta mstari huo.